Viti vizuri vilinifukuzia wateja: mrejesho wangu kuhusu mafundi wa Keko walionitengenezea mgahawa upya

Nianze na yule mzee. Kuna mzee mmoja hapa Mwenge, Dar es Salaam, anakula kwangu tangu nipo kwenye kibanda cha mabati, asubuhi supu na chapati mbili, mchana ndizi nyama, na ni mtu wa kukaa, akimaliza kula anaagiza chai ya rangi anafungua gazeti mpaka saa tisa. Nilipohamia kwenye fremu kubwa nkafunga fenicha mpya zile za kisasa, siku ya kwanza mzee akaja akasifia sana, siku ya pili akala haraka haraka akaondoka, wiki iliyofuata nkamkuta kakalia ndoo ya rangi huko nje karibu na muuza vocha, sahani yangu kaishika mkononi anakula. Nkamuuliza baba vipi mbona huku, akanambia mwanangu vile viti vyako ni vizuri kwa macho ila matako yangu hayavitaki.

Nilicheka, ila usiku sikulala vizuri, manake ile fenicha pamoja na kupamba ndani ilikula milioni 13 na ushee, nyingine za mkopo wa kikoba.

Kwaiyo huu mrejesho ni wa watu wawili, waliofanya kazi ya kwanza na waliofanya ya pili. Wa kwanza sitawataja, ni kampuni ya dizaini yenye ofisi ya vioo na ukurasa mzuri sana mtandaoni, na kusema ukweli hawakuniibia, walinipa kile kile walichonionesha kwenye picha za kompyuta. Tatizo picha za kompyuta hazina watu. Ukiziangalia tena saivi unaona kabisa, viti, meza, maua, taa, hamna hata mtu mmoja anayekula ugali kwa mkono.

Nieleze walichofunga manake naona migahawa mingi hapa mjini inafunga hivyo hivyo. Viti vilikuwa vile vya chuma vyenye mgongo wa bati la kukunja, vyeusi na vingine vya njano, bila shaka umewahi kuvikalia mahali. Baadae ndo nikaja kuelimishwa kwamba kile kiti asili yake ni Ufaransa, kilibuniwa na bwana mmoja anaitwa Xavier Pauchard mwaka 1934 kwa jina la Tolix, na yule bwana ujuzi wake ulikuwa hasa kwenye kupaka zinki mabati yasishike kutu, kwaiyo kiti chake kilikaa nje kwenye migahawa miaka na miaka mvua inakipiga kipo tu. Sasa vile tunavyouziwa huku ni kopi, bati jembamba, juu yake kimepuliziwa rangi basi, hewa ya chumvi ya Dar ikikaa nacho miezi minne kwenye maungio kinaanza kutoa kutu, na kutu ikishika nguo nyeupe ya mteja we ndo unanunua sabuni. Hapo bado miguu haina mpira inalia kwenye marumaru kriii kila mtu akisogea, watu 20 wakisogea pamoja saa saba mchana unatamani kuzima masikio.

Meza walileta ndogo ndogo za inchi 24 kwa 24. Kwa kahawa na kipande cha keki inatosha, sikatai. Ila mimi nauza wali nazi, maharage pembeni, mchicha pembeni, samaki kwenye sahani yake, juisi, maji, pilipili, na ndimu. Watu wawili wakikaa pale inabidi mmoja aweke juisi chini kwenye sakafu.

Taa wakafunga nyeupe kali, zile zilizoandikwa 6500 Kelvin, kipimo cha rangi ya mwanga, ambazo mchuzi wangu wa nazi ukiwekwa chini yake unaonekana kama dawa ya mifugo. Dari wakaishusha kwa jipsam ili iwe na vile vimistari vya taa ya mkanda, na pangaboi zangu mbili zikatolewa zikasemwa za kishamba, ikafungwa AC moja ambayo mlango ukifunguliwa kila dakika inapoza barabara ya Sam Nujoma. Ukuta mmoja wakaubandika majani ya plastiki na maandishi ya taa ya Kizungu kwa ajili ya watu kupiga picha. Watu walipiga kweli, wiki mbili. Baada ya hapo mafuta ya jikoni yakapanda kwenye yale majani, vumbi likashika juu ya mafuta, na hamna namna ya kuyaosha. Na sinki la kunawia mikono, shikeni moyo, waliliweka nyuma kabisa mlangoni mwa choo. Mtu anaenda kunawa ale ugali anapishana na mtu anafunga zipu. Sikuliona hilo kwenye picha zao na wao hawakulifikiria manake nadhani kichwani mwao mteja anakula kwa uma.

Sasa mafundi wenyewe ninaowaandikia leo. Wapo watatu, karakana yao ipo Keko, siyo pale barabarani kwenye vitanda na makochi yanayowekwa nje, unaingia ndani ndani kwenye vichochoro unafuata mlio wa randa. Kibao hawana. Wameniomba nisiweke jina wala namba manake wana oda mpaka zinawamwagikia, kwaiyo mtaniwia radhi, ila nadhani nikieleza wanavyofanya kazi mtajua wa kumtafuta awe wa namna gani popote mlipo. Kuna binti aliyesomea dizaini ya ndani pale Chuo Kikuu Ardhi, kuna mzee seremala yupo Keko tangu ujana wake, na kuna kijana wa kuchomelea. Yule binti ndo anaongea na mteja, mzee anaongea na mbao, kijana haongei.

Nilivyompigia binti nikategemea aje na tabuleti anioneshe picha. Akaja na daftari na futi kamba, akaniuliza dada naomba nikae kwako siku mbili usinipe hela yoyote, nilipie chakula tu. Akakaa kona ile ya karibu na jiko. Alihesabu watu, nani kaja peke yake, nani wawili, nani kundi, kakaa dakika ngapi, kapita wapi, kasimama wapi. Siku ya pili jioni akanionesha daftari, mi mwenyewe mwenye mgahawa nilikuwa sijui, mchana karibu wote wanakuja mmoja mmoja au wawili wawili, mimi nimeunga zile meza ndogo zikawa nne za watu sita ambazo anakaa mtu mmoja na begi lake, wengine wakichungulia mlangoni wanaona pamejaa wanaenda kwa jirani. Pamejaa nini, viti viko 28 vimekaliwa 13!

Afu akanionesha kitu kingine. Foleni ya kaunta inaziba mlango. Mtu anayetoka anasukumana na anayelipa, dada wa kupeleka sinia anapita katikati yao na mchuzi wa moto. Yeye akasema njia ya mtu anayebeba sinia isipungue sentimita 90, na hiyo ni baada ya mtu kuwa amekaa na kiti chake kimerudi nyuma, siyo kiti kikiwa kimesukumwa chini ya meza kama kwenye picha. Kile kitu kilinifungua akili kweli kweli. Kiti tupu na kiti chenye mtu siyo saizi moja.

Hakuchora kwenye kompyuta kwanza. Jumapili tumefunga akaja na chaki na utepe wa kubandika, akachora meza zote sakafuni kwa saizi yake kamili, akawaita wasichana wangu wa kazi akawaambia beba sinia tupu pita hapa, pita hapa, we kaa hapo jifanye mteja mnene vuta kiti. Tulicheka sana ila ndani ya saa moja tukawa tumehamisha kaunta, kwa chaki. Kufuta chaki ni bure. Mimi kaunta ya kwanza ilishajengwa kwa marumaru na kuibomoa tu ilinitoka laki tatu na nusu.

Sasa wazo lenyewe kubwa, na hapa nilibishana naye karibu wiki nzima, ni baraza. Alisema toa viti vyote upande wa ukuta mrefu, jenga baraza la tofali na saruji kutoka mlangoni mpaka kona, lipigwe niru, juu liwekwe mito. Mimi nikaona ananirudisha kijijini, nikamwambia mdogo wangu mi nataka kitu cha kisasa. Akanijibu kwa upole, dada ukienda Mji Mkongwe Zanzibar au Lamu zile baraza za mawe nje ya nyumba zina miaka mingi kuliko sisi wote na mpaka leo ukipita jioni zimejaa watu, kiti gani cha dukani kimekaliwa hivyo? Pale watu wanapokea mgeni, wanacheza bao, wanauza kahawa, wanaongea siasa, mvua ikinyesha maji yakijaa kichochoroni wanapita juu yake kama njia. Ni fenicha ya umma ya kwetu na haihitaji kubebwa wala kuibiwa. Hapo nikakosa la kusema.

Na hesabu yake ilikuwa na akili. Kiti kimoja kinachukua nafasi yake hata mtu akiwa mwembamba, baraza haijali, wakija wembamba watano wanakaa watano, wakija wanne wenye miili wanakaa wanne, mama akija na mtoto, mtoto analala pembeni. Ule ukuta ulikuwa na viti tisa, saivi wanakaa 12 bila kugusana mabega na siku ya Ijumaa watu wakitoka msikitini nimeshahesabu 15. Kimo inchi 18 mto ukiwa umeshaminywa, siyo kabla, hilo alilikazia, manake mto mpya wa sponji nene unakupa inchi 20 ukikaa unazama unabaki 17. Kina cha kukalia inchi 20 hivi, na mgongo umelazwa kidogo, usiwe wima kama benchi la mahakamani. Uso wa meza inchi 30 kutoka chini. Kati ya kiti na meza inchi 12, mapaja yapite. Ukitembea na futi kwenye migahawa ya mjini humu utashangaa wangapi wamekosea hiyo moja tu, unakula umeinua mabega kama unaogopa.

Mito wakanipa ushauri ambao nimewapa watu wengi tangu hapo. Nilitaka kitenge kote, kinavutia. Mzee seremala akanitazama tu, binti akasema kitenge tuweke mgongoni ambako mchuzi haufiki, na kiwe na zipu ukivue ukafue, ila sehemu ya kukalia weka reksini nzuri ya kufuta na kitambaa. Sponji iwe ile nzito ya densiti kubwa, ile laini ukiibonyeza dukani inakufurahisha ila miezi sita imelala kama chapati ya jana. Mpaka saivi miezi tisa mito yangu imesimama, nimeosha foronya za kitenge mara sijui ngapi, rangi imefifia kidogo, sawa tu.

Kuhusu mbao naomba nikae kidogo hapa manake mzee alinipa darasa la bure. Nilimwambia nataka mtiki, nimesikia ni mbao ya kitajiri. Akanambia mtiki wa Longuza kule Muheza au wa Kilombero ni mzuri kweli, ila unaoletwa mtaani mara nyingi ni wa miti michanga, nusu mbao nusu ile nyeupe ya nje inayoliwa na wadudu, bora mninga uliokauka. Mninga unatulia, hauna mchezo wa kupinda pinda ukishakauka, na rangi yake haihitaji kupakwa kitu. Paini ya Sao Hill akasema tutumie kwa fremu za ndani ambako haionekani na haikwaruzwi, iwe imetiwa dawa. Tulienda wote Buguruni kununua, anachukua ubao anaupima uzito mkononi, anaugonga na kifundo cha kidole anasikiliza, halafu anatoa kifaa kidogo chenye sindano mbili anachoma anasoma namba, nikamuuliza sasa kama una mashine unagonga ya nini, akasema nagonga kuhakikisha mashine haidanganyi. Anataka asilimia 12 mpaka 14 za unyevu, juu ya hapo hanunui, au ananunua anaupanga karakana unasubiri.

Na hapo hapo ndo walipokosea, lazima niseme. Meza mbili za mwisho mbao zilipungua, wakaenda kununua nyingine haraka ili kuniwahi, nadhani hazikusubiri vya kutosha, mwezi wa pili zikafunguka mstari katikati unaingiza shilingi hamsini. Walikuja wakazibeba wakazirudisha baada ya siku 11, bila kunidai, ila siku 11 hizo nilikuwa na meza ya plastiki ya kukodi inayokaa mgahawani kama mgeni wa harusi aliyepotea njia.

Meza zenyewe ni za watu wawili wawili, inchi 28 kwa 30, zote kimo kimoja sawasawa kabisa kiasi kwamba ukiziunga tatu sahani haijui imevuka mpaka. Wakija wawili ni meza moja, kikija kikoba cha akina mama tisa unaunga tano. Kila mguu una skrubu chini ya kupandisha na kushusha, manake sakafu za fremu zetu hizi hakuna iliyonyooka, siku hizi hamna mteja anayekunja karatasi ya menyu anaweka chini ya mguu wa meza. Miguu ya chuma alichomelea yule kijana asiyeongea, skwea paipu ya inchi mbili, imepigwa praima vizuri kabla ya rangi, naona mpaka leo haina doa la kutu. Juu ya mbao hawakupaka vanishi ya kawaida ambayo ukiweka sahani ya moto inaacha duara jeupe, walipaka ile ya kuchanganya vitu viwili, ni ghali na inanuka siku tatu, nilifunga biashara siku mbili kwa ajili ya ile harufu tu na hawakuniambia mapema. Hilo liliniudhi.

Viti vya upande wa pili wa meza ni vya mbao. Walitengeneza kimoja kwanza, kikaletwa, tukakikalisha watu wote, mimi, wasichana wangu, bodaboda wa nje, na mama mmoja jirani ambaye alisema mwenyewe mi nipo kilo mia na kumi ngoja nikijaribu. Akakikalia akajitikisa makusudi. Kiti kikatoa mlio kidogo, mzee akakibeba akarudi nacho kesho yake kimeongezwa ubao chini unaounga miguu. Ndo kikapitishwa. Kila kipande kimefungwa kwa skrubu, hamna gundi peke yake, mguu ukivunjika unabadilishwa mguu siyo kiti. Binti akanambia hiyo siyo akili yake, kuna Michael Thonet alitoa kiti mwaka 1859 kwa ajili ya migahawa ya kahawa ya huko Vienna, vipande sita vya mbao, skrubu kumi na nati mbili basi, unakifungua, kwenye boksi la mita moja kila upande vinaingia viti 36 unavisafirisha. Miaka yote hiyo! Na sisi bado tunanunua kiti cha kontena ambacho mguu ukiachia unakipeleka kwa muuza vyuma chakavu.

Taa wakazitoa zote. Saivi ni 3000, ule mwanga wa njano njano wa jioni, na alichagua zile ambazo rangi ya chakula inaonekana ilivyo, nyanya nyekundu na mchicha kijani, zinazidi bei kama elfu tatu tatu kila taa. Zimeshushwa juu ya kila meza ndani ya vikapu vya ukindu. Mimi nilitaka vikapu mpaka upande wa jiko vifanane, akakataa kabisa, akasema ukindu na mafuta na moto siyo marafiki, kule akaweka taa za bati. Dari ya jipsam wakaibomoa nusu, pangaboi zangu za kishamba zikarudi, AC ipo ila naiwasha siku za joto la Februari tu na bili ya umeme imepungua kiasi ninachokiona bila kuvaa miwani.

Kitu ambacho sikukitegemea ni sauti. Marumaru, vioo na jipsam vyote vinarudisha kelele, ndo maana mgahawa mzuri wa kisasa unakuta mnapigiana kelele kama mpo kwenye daladala. Yeye akatandaza mikeka minene ukutani juu ya baraza mita nzima kwenda juu, nyuma yake kuna sponji nyembamba haionekani. Mito, mikeka, vikapu, vyote vinakula kelele. Sikujua kwamba nalipia ukimya mpaka nilipousikia, siku ya kwanza saa saba na nusu pamejaa halafu namsikia mteja wa meza ya tatu akiagiza bila kunyanyua sauti.

Na sinki sasa. Lipo mbele, unaingia tu mkono wa kulia, ni kama hori refu la terazo lenye mabomba matatu, moja limeshushwa kwa ajili ya watoto. Watu wananawa hata kama wamekuja kununua soda. Ila mteremko wa maji walikosea mara ya kwanza, maji yakawa yanasimama upande mmoja, fundi bomba wao akaja akalaumu fundi terazo, fundi terazo akalaumu mwenye nyumba, mwisho kikavunjwa kipande kikamwagwa upya. Terazo mpya na ya zamani rangi haijalingana mpaka leo, ukiangalia unaona kiraka.

Muda: waliniambia wiki tano, zikawa nane. Umeme ulikatika katikati nakubali, msiba wa shangazi wa fundi nakubali, ila msiba wa pili wa shangazi yule yule nikasema hapana. Malipo yalikuwa asilimia 60 ya kuanzia, 30 mzigo ukifika, 10 baada ya mwezi mmoja wa kutumia, na nawashauri hiyo 10 ya mwisho msiilipe mapema hata wakilia, manake ndo iliyowarudisha kwenye meza zilizopasuka. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, nilipewa baada ya kudai mara tatu. Jumla yote, baraza, meza 13, viti, mito, taa, sinki na kubomoa, ilinifikia milioni 8 na laki 6. Nakumbusha ile ya kwanza ilikuwa 13.

Nikamuuliza binti siku ya kukabidhiana, ungepewa kazi yoyote hapa nchini ungetaka ipi, nikidhani atasema hoteli ya nyota tano Masaki. Akasema sehemu ya kusubiria hospitali. Vile viti vya chuma vyenye matundu vilivyoungwa vitatu vitatu au vinne vinne kwenye bomba moja, tunavijua wote, vipo hospitali, benki, stendi, vina sababu zake nzuri, vinasafishika, havifugi kunguni kirahisi, hamna wa kuvibeba kuondoka navyo. Ila mgonjwa hawezi kulala, mama hawezi kumlaza mtoto kwa sababu ya ile mikono ya katikati. Akasema mtu anakaa mgahawani kwako nusu saa, hospitali anakaa tangu saa kumi na mbili asubuhi, sasa ni wapi panahitaji zaidi mtu wa kukaa na daftari kona siku mbili? Sikumjibu, nilikuwa natafuta chenji.

Nyota nawapa 4 kati ya 5. Moja imeenda na shangazi.

Mzee amerudi, kona ya mwisho ya baraza ni yake na gazeti lake, na kiukweli sasa amezidi, anakaa mpaka saa kumi na chai moja. Vile viti vya chuma niliviuza vyote kwa bei ya hasara kwa mtu wa saluni, nikabakiza kimoja cha njano kwa mlinzi wa usiku. Juzi nimepita saa nne usiku nimemkuta kakunja sweta lake kaliweka juu ndo kakalia.